Wakikuambia spea ya roboti haipo, uliza haipo wapi

Kuna neno moja kwenye hii kazi ya kutunza roboti za viwandani ambalo linaua mashine nyingi kuliko mota kuungua, nalo ni "haipo". Roboti imesimama, laini nzima nyuma yake imesimama, umetuma namba ya spea, jibu linarudi: haizalishwi tena, haipo. Na wengi wakishasoma hapo wanaanza kupiga hesabu ya roboti mpya. Mimi naomba tusimame hapohapo kwenye hilo neno, maana ukilifungua unakuta ndani yake kuna mambo kama manne tofauti kabisa na kila moja lina dawa yake, na yule aliyekujibu mara nyingi amejibu moja tu, kwamba kwenye stoo yake yeye hakuna.

Tuanze na kwanini zinapotea, maana bila kuelewa hapo utatafuta sehemu ambayo siyo. Roboti yenyewe ni chuma na chuma kinaishi. Shirikisho la Kimataifa la Roboti, IFR, likihesabu roboti zilizoko kazini linachukulia kwamba kila roboti inafanya kazi miaka 12 kisha inatolewa, na kwa hesabu hiyo mwaka 2023 viwanda duniani vilikuwa na roboti 4,281,585. Lakini aliyewahi kuzunguka viwandani anajua kuna mikono ya miaka ya 1990 mpaka leo inachomelea, inapaka rangi, inapanga maboksi, zamu baada ya zamu, na kwenye hesabu ile ilishazikwa zamani. Mkono haujachoka. Kinachochoka ni kabati la kontrola pembeni yake, yaani bodi, chipu, skrini, mambo ya umeme mdogo.

Na hizo chipu kampuni ya roboti haitengenezi, inanunua kama wewe unavyonunua. Soko la roboti ni dogo sana ukiliweka mbele ya simu na kompyuta, kwahiyo mwenye kiwanda cha chipu akiona aina fulani haimlipi anatoa notisi, na desturi ya tasnia ni kama miezi 6 ya kuweka oda ya mwisho na miezi 12 ya kupokea mzigo, basi, mlango umefungwa. Zipo zilizodumu, mfano Intel 386 ilitoka 1985, watu wa kompyuta za mezani walishaisahau kitambo lakini Intel wenyewe waliendelea kuitoa kwa ajili ya mitambo mpaka mwishoni mwa Septemba 2007. Nyingine nyingi hazikupata bahati hiyo. Alafu ikaja sheria ya Umoja wa Ulaya ya RoHS, ilianza kubana tarehe 1 Julai 2006, inakataza risasi kwenye lehemu na vitu vingine vya sumu. Mitambo mikubwa ya viwandani ilisamehewa, ila msamaha ule haukusaidia sana kwa sababu watengeneza chipu hawakuwa tayari kuendesha laini mbili kwa ajili ya wateja wachache, kwahiyo aina nyingi za zamani badala ya kubadilishwa zikakatwa tu.

Kampuni ya roboti ikipata notisi ya hivyo inanunua rundo, inatengeneza bodi za akiba, inaziweka kwa ajili ya matengenezo na kuanza kuhesabu siku. Kila kampuni ina utaratibu wake, ABB kwa mfano wanapitisha kila kizazi kwenye hatua nne, kuanzia ile inayozalishwa mpaka ile iliyoachwa kabisa, na FANUC wamejijengea jina kwa msimamo kwamba wataihudumia mashine maadamu mteja bado anaitumia. Kwahiyo swali la kwanza kabisa ukiambiwa haipo ni hili: mashine yangu iko hatua gani kwenu, na je, mnatengeneza hata kama hamuuzi mpya? Maana kuna "haipo" ya kwamba mpya imeisha lakini ukituma ile mbovu wanakurudishia iliyotengenezwa, wanabadilishana na wewe, unatoa iliyokufa unachukua iliyofufuliwa. Huu utaratibu wa kubadilishana wengi hawauulizii. Na hapo ndo unaelewa kwanini hutakiwi kabisa kutupa bodi mbovu, kwa sababu bila ile mbovu mkononi hubadilishiwi, au unatozwa zaidi.

Haya, tuseme kampuni yenyewe imefunga kabisa. Hapa ndo watu wanakata tamaa na hapa ndo kazi inaanza, na siri yake ni moja, shuka ngazi. Spea ya roboti siyo kitu kimoja, ni kitu ndani ya kitu. Kabati lina amplifaya, yaani kile kinachozipa mota umeme wa kuzungukia, amplifaya ina bodi tatu, bodi ina chipu na kapasita na rilei. Kampuni inauza kwa ngazi yake, yaani amplifaya nzima, na ikisema haipo inazungumzia ngazi hiyo. Ila ngazi ya chini yake inaweza kuwa ipo tele. Amplifaya haipo, bodi yake ya ndani ipo kwa mtu. Bodi haipo, kilichokufa kwenye bodi ni kitu kimoja kinachouzwa mpaka leo kwenye kila duka kubwa la elektroniki mtandaoni.

Niliwahi kukaa na bodi ya umeme wa ndani ya kontrola moja ya miaka ya 1990, kila tuliyemuuliza alisema haipo. Kwa macho ilikuwa nzima. Ukiinamisha chini ya taa ndo unaona kwenye miguu ya kapasita tatu ndogo za duara, shaba imegeuka rangi, ule ukijani wa kutu ya shaba, na rangi ya juu ya bodi hapo ina unyevu kama imepakwa mafuta. Ukigusa na pasi ya kulehemu inapanda harufu ya samaki aliyeoza, hiyo harufu ukishaijua hata ukiwa chumba cha pili unajua nini kimetokea, ni maji ya ndani ya kapasita yamevuja yakaanza kula njia za shaba. Kapasita zenyewe zilikuwa ni za kawaida kabisa, tukachukua za volti ileile na maikrofaradi zilezile ila za kuhimili nyuzi 105 badala ya 85, tukasafisha bodi, njia moja iliyolika tukaiunga kwa waya mwembamba kama unywele, tukaipima kwanza mezani ikiwa na mzigo kabla hata ya kuikaribia roboti, ikafanya kazi. Spea "isiyokuwepo" ilikuwa vitu vitatu vidogo kuliko ukucha.

Na nikisema hivyo simaanishi kila bodi inapona. Ila kanuni ya kapasita za maji inajulikana, kila joto likipanda nyuzi 10 umri wake unakatika karibu nusu, kwahiyo ukiona bodi imekufa kwa kapasita nenda kaangalie feni ya kabati kabla ya kuirudisha, mara nyingi utakuta feni ilishakufa miezi mingi nyuma, au chujio la hewa limeziba vumbi mpaka limekuwa kama blanketi. Feni nayo ukiitoa na kuigeuza ina lebo ya aliyeitengeneza pamoja na volti na ukubwa wake, haina haja ya kutafutwa kwa namba ya kampuni ya roboti. Hivyohivyo beringi nyingi za mota, zimechongwa namba ya kawaida ya beringi. Oili sili zina vipimo vitatu vimeandikwa kwenye mpira wenyewe, kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Pawa saplai ndogo ndani ya kabati mara nyingi imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa, jina lake liko ubavuni. Yaani kabla hujaandika barua pepe hata moja, toa kile kitu, kisafishe, soma kila lebo, kwa sababu namba ya kampuni ya roboti ni jina la kupewa na mara nyingi jina la kuzaliwa liko chini yake.

Ukifika kwenye chipu yenyewe ndo unakutana na dunia nyingine. Kuna kampuni kama Rochester Electronics ya Marekani, ilianzishwa 1981, kazi yake ni kuchukua chipu zilizokatwa kwa ruhusa ya wenye nazo, kuzihifadhi na nyingine kuendelea kuzizalisha, kwahiyo chipu uliyoambiwa imekufa inaweza kuwa iko pale na karatasi zake zote. Nje ya hapo ni soko huria. Na usione aibu kuzunguka soko huria, mwaka 2002 iliripotiwa kwamba hata NASA walikuwa wanasaka chipu za Intel 8086 kwenye mnada wa mtandaoni kwa ajili ya vifaa vya kupimia roketi za pembeni za chombo chao cha anga. Kama wao walifika huko, basi wewe mwenye roboti ya kupanga maboksi hujakosea njia.

Tatizo la soko huria ni feki, na hapa niongee taratibu kidogo maana pesa nyingi zinaliwa hapa. Kamati ya majeshi ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti mwaka 2012, ilikuta kesi kama 1,800 za vifaa vya elektroniki vinavyoshukiwa kuwa feki kwenye mnyororo wa vifaa vya jeshi, vipande zaidi ya milioni 1. Jeshi hilo, lenye wakaguzi. Mchezo unavyochezwa ni huu, chipu inatolewa kwenye taka za elektroniki, inasuguliwa juu mpaka maandishi yanatoka, inapakwa rangi nyeusi, inaandikwa namba mpya, miguu inapakwa lehemu mpya ing'ae. Ukiishika unaona mpya. Pamba yenye asetoni ukipitisha juu ile rangi nyeusi inaweza kubaki kwenye pamba, na chini yake ukaona mikwaruzo imeelekea upande mmoja, hapo jibu umepata. Ila kuna kipimo rahisi zaidi ambacho hakihitaji hata kemikali, soma tarehe. Chipu nyingi zina tarakimu nne, mbili za mwaka mbili za wiki, 0423 ni wiki ya 23 ya mwaka 2004. Sasa kama aina hiyo ilikatwa 2001 na wewe umeuziwa yenye 0812, hiyo chipu imezaliwa baada ya kufa kwake, irudishe. Na muuzaji akikuambia anazo vipande mia tano vya kitu ambacho dunia nzima inakitafuta na bei yake ni ya chini, hata usimalizie kusoma.

Bodi na mota za mtumba nazo zina maswali yake. Neno la kuogopa ni "imepimwa". Imepimwaje? Kuna anayemaanisha ameiwasha taa ya kijani ikawaka. Kuna anayemaanisha ameifunga kwenye roboti ya aina hiyo, ameizungusha axisi zote, yaani viungo vyote vya mkono, kwa kasi kamili na mzigo mkononi kwa masaa. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa na bei inatakiwa iwe tofauti. Mwombe video, siyo picha, na kwenye video lebo yenye serial namba ya bodi ionekane ileile utakayoletewa. Picha nayo aipige upya, ukiona picha moja inatumika kwa wauzaji watatu ujue hakuna hata mmoja kati yao aliyenayo mkononi.

Na hapo kwenye wauzaji watatu kuna kitu kinawaumiza watu bila kujua. Roboti imesimama, kwa haraka unatuma maombi kwa madalali kumi. Wote kumi hawana stoo, wanapiga simu kwa yuleyule mmoja au wawili wenye ile bodi. Yule mwenye mzigo anaona siku moja maombi kumi kwa kitu ambacho hakijaulizwa mwaka mzima, anadhani dunia imeamka, anapandisha bei. Mahitaji ni ya mtu mmoja, wewe, na umejipandishia mwenyewe. Afadhali uulize wawili watatu unaowaamini, uwaambie wazi wewe ni mtumiaji wa mwisho, na usubiri siku mbili.

Sasa kitu kinachofanya spea sahihi ikataliwe na mashine, toleo. Kila kampuni ina mtindo wake wa namba, FANUC mota na amplifaya zake zinaanza na A06B, enkoda, yaani kile kifaa nyuma ya mota kinachosoma imezunguka kiasi gani, A860, bodi nyingi A20B, bodi za ABB utaziona na DSQC na namba za 3HAC, Yaskawa bodi zao JANCD. Namba kuu ikifanana watu wanafurahi wananunua. Lakini mwishoni mwa namba au pembeni kwenye stika kuna herufi au tarakimu za toleo, na zile ndo zinasema kama bodi hii inakubali programu uliyonayo. Bodi kuu ya kontrola ya namba ileile yenye toleo jingine la programu inaweza kukataa bekapu yako, au ikawaka vizuri ikasema haiijui mota iliyofungwa. Mara nyingi toleo jipya linaweza kukaa mahali pa la zamani lakini la zamani haliwezi kukaa mahali pa jipya, mara nyingi nimesema, siyo mara zote, kwahiyo ulizia kwa kila bodi peke yake. Piga picha stika zote za kabati leo, roboti ikiwa inafanya kazi, kila bodi, kila mota, na skrini ya matoleo ya programu. Picha hizo siku ya msiba zinaokoa nusu ya muda wa kutafuta.

Jingine dogo ila linafungua milango ni majina yaliyobadilika. Lebo imeandikwa ASEA, watoto wa siku hizi kwenye dawati la mauzo hawaijui, ni ABB tangu ASEA ilipoungana na Brown Boveri mwaka 1988. Giaboksi imeandikwa Teijin Seiki, usitafute Teijin Seiki, iliungana na Nabco mwaka 2003 ikawa Nabtesco. Zile roboti za PUMA za Unimation zilipita kwa Westinghouse zikaishia kwa Stäubli mwishoni mwa miaka ya 1980. Kuna spea haipo kwa sababu tu unaitafuta kwa jina la marehemu.

Kuna vitu ambavyo ngazi ya chini haikusaidii na lazima tuseme. Enkoda ni cha kwanza. Enkoda inazungumza na amplifaya kwa lugha ya kampuni husika, huwezi kuchukua enkoda nzuri ya mtu mwingine ukaifunga hata kama shafti inaingia. Cha pili giaboksi za viungo. Hizi siyo gia za kuchonga kwenye leti. Zile za aina ya harmoniki, ambazo wazo lake Walton Musser aliliwekea hataza miaka ya 1950, zina kikombe cha chuma chembamba kinachopindapinda kila mzunguko, na zile kubwa za aina ya RV zina uchezaji, yaani ule ulegevu kati ya meno ya gia, chini ya dakika 1 ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya digrii moja. Ukiona ni ndogo, hesabu hivi, kwenye mkono wa mita 2 dakika hiyo moja inakuwa zaidi ya nusu milimita kwenye ncha. Gia ya kuchongwa kienyeji itazunguka ndiyo, lakini ncha ya kuchomelea itakuwa inatangatanga. Hapa njia ni giaboksi ya asili, mpya au kutoka kwa mkono mwingine, au fundi maalumu wa kuzifufua, na njia bora kuliko zote ni kutoifikisha huko, badilisha grisi kwa wakati wake, FANUC kwa mikono yao mingi wameandika kila miaka 3 au masaa 11,520, na ile grisi ya zamani ikitoka iweke kwenye kitu cheupe uiangalie juani, ikimetameta kama rangi ya fedha ni vumbi la chuma, giaboksi imeanza kujila na una muda wa kutafuta kabla haijasimama.

Cha tatu ni vitu vya usalama. Kitufe cha kusimamisha dharura, rilei za usalama, ile swichi ya nyuma ya pendanti, kile kifaa cha mkononi cha kuongozea roboti, ambayo ukiiachia au ukiikaba sana roboti inakata. Hivyo huungi ungi, huruki kwa waya "kwa muda tu mpaka spea ije". Sijali laini inapoteza kiasi gani, kama swichi ya pendanti haipatikani basi mtu haingii ndani ya uzio na roboti ikiwa na umeme, mpaka ipatikane.

Na kwa kuwa tuko kwenye usalama, wengi wanaobadilisha mota ya mtumba kwa mara ya kwanza hawajui kwamba breki ya kiungo iko ndani ya mota. Ukifungua mota ya axisi ya pili au ya tatu bila kuushikilia mkono kwa kreni au kigingi, umetoa breki, na mkono wa mamia ya kilo unashuka wenyewe. Shikilia kwanza. Alafu ukishafunga mota nyingine axisi hiyo imepoteza sifuri yake, yaani haijui tena inaanzia kuhesabu wapi, lazima uipange upya kwa alama za mkono au kwa dial geji, vinginevyo programu zote zitakuwa zimepinda.

Sasa njia ambayo mimi naiamini kuliko zote kwa mwenye roboti zaidi ya mbili za kizazi kimoja, roboti mfadhili, yaani roboti nzima ya mtumba unayoinunua ili uitoe spea. Kiwanda cha magari kikibadilisha modeli kinatoa roboti kwa makundi, mikono na makabati ya umri mmoja, na mara nyingi roboti nzima na kabati lake inauzwa kwa pesa ambayo haifiki jumla ya spea zake ukizinunua mojamoja. Tafuta ya kontrola ileile na toleo lililo karibu kabisa na lako. Ukiipata usikimbilie kuifungua. Iwashe kwanza, chukua bekapu yake yote, tembeza kila axisi usikilize, andika mota ipi ina kelele na breki ipi inateleza, ndo uichambue, maana ukishaichambua huwezi tena kujua kipi kilikuwa kizima. Na kama soko halina, basi toa sadaka moja ya kwako. Mwenye roboti tano zenye umri mmoja akistaafisha moja kwa hiari, iliyochoka zaidi, anapata akiba ya kuendesha nne kwa miaka. Kumwambia meneja hivyo ni kazi, lakini anayesubiri atakuja kustaafisha zote tano kwa mpigo bila kupenda.

Akiba nayo haikai tu. Watu wananunua spea mbili za mwisho duniani, wanaziweka juu ya kabati karibu na tanuri, baada ya miaka minane wanazitoa zimekufa zikiwa mpya. Kapasita ikikaa muda mrefu bila umeme ngozi yake ya ndani inapungua, ukiipa volti zote kwa mpigo inaweza kupasuka, inatakiwa ipandishiwe polepole. Sili za mpira zinakakamaa. Grisi ndani ya giaboksi inajitenga na mafuta yake. Chipu za EPROM, zile zenye kidirisha kilichozibwa na stika, zinashika programu kwa chaji inayovuja kidogo kidogo miaka nenda rudi, kwahiyo zisome, nakili yaliyomo, hifadhi sehemu mbili. Bodi ikae kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, mahali pakavu na pa baridi, na mara moja kwa mwaka iingizwe kwenye mashine ifanye kazi siku moja. Hiyo ndo inaitwa kuwa na spea, nyingine ni kuwa na boksi.

Betri nimeiweka huku lakini ndo kitu cha bei ndogo kinachoua zaidi. Kumbukumbu ya kontrola nyingi za zamani inashikiliwa na betri, na nafasi za enkoda zinashikiliwa na betri nyingine, mikono mingi ya FANUC inatumia nne kubwa za kawaida zile za saizi D zilizokaa chini kwenye msingi wake. Zibadilishwe kontrola ikiwa imewashwa, ukizima kwanza umefuta sifuri za axisi zote. Na kama bekapu yako iko kwenye flopi, Sony waliacha kuziuza mwaka 2011, kwahiyo funga kifaa cha kuigiza flopi kinachotumia fleshi kabla diski ya mwisho haijasomeka.

Ikifika mahali umeshuka ngazi zote na kweli hakuna, inabaki kubadilisha ubongo na kuacha mkono, yaani kontrola mpya kwa chuma cha zamani. Inawezekana, ila siyo kazi ya wikiendi. Mota na enkoda za zamani mara nyingi hazielewani na kontrola mpya kwahiyo zinabadilishwa pia, programu zinaandikwa upya, na tathmini ya hatari inafanywa upya kwa kiwango cha ISO 10218, kile cha kimataifa cha usalama wa roboti, maana hiyo siyo mashine ileile tena. Inalipa pale mkono wenyewe ni wa pekee, mkubwa sana au umefungwa mahali ambapo kuutoa ni kubomoa. Kwa mkono wa kawaida, linganisha kwa uaminifu na roboti mpya. Vyovyote utakavyoamua, lile kabati la zamani utakalolitoa lisiende kwa wanunua chuma chakavu, lisafishe, lipige picha stika zote, lifunge vizuri, maana ndani yake kuna bodi kuu, amplifaya sita na pendanti ambazo sasa hivi kuna mtu mahali fulani ameambiwa hazipo.